Kwa aliyeandikiwa dawa ya kupunguza hamu ya kula

Kama daktari amekuandikia fentamini ili upunguze uzito, imeze asubuhi, kwani ukichelewa hadi jioni itakunyima usingizi. Pima shinikizo la damu kabla ya kuanza na mara kwa mara baadaye, maana dawa hii huweza kulipandisha, pamoja na mapigo ya moyo. Sisi wa Mbeya, ambao baridi ya Juni hutushikisha kikombe cha kahawa ya Mbozi tangu alfajiri, tuna sababu ya ziada ya kujihadhari: kafeini huongeza mwendo huohuo wa moyo, hivyo nakusihi upunguze vikombe. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo au presha ya macho asiitumie. Ukibanwa kifua au pumzi, acha dawa na uwahi hospitali.