SOMO: Namna ya kusoma masomo tisa kwa pamoja, kidato cha tatu na cha nne

Habarini ndugu zangu.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati na Jiografia katika shule ya kata, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja. Kila Januari matokeo ya kidato cha nne yakitoka, napata ujumbe ule ule: "Madamu, masomo ni tisa, nisomeje?" Nimejibu kwa simu, nimejibu nje ya msikiti, nimejibu nikiwa kwenye foleni ya kununua mkaa. Leo naandika mara moja kwa kirefu. Atakayeniuliza tena nitamtumia hapa.

Nawazungumzia wenye mzigo wa kawaida: Hisabati, Kiswahili, Kiingereza, Biolojia, Kemia, Fizikia, Jiografia, Historia na Uraia. Mtaala mpya umebadilisha majina ya baadhi ya masomo, lakini namna ya kusoma ni ile ile.

Hatua ya 1. Elewa pointi zinavyohesabiwa. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, na yanachukuliwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. Divisheni ya Kwanza ni pointi 7 hadi 17, ya Pili 18 hadi 21, ya Tatu 22 hadi 25, ya Nne 26 hadi 33. Sasa chukua kalamu. Mwanafunzi mwenye C saba ana pointi 21, Divisheni ya Pili. Mwenzake mwenye A mbili na D tano ana pointi 22, Divisheni ya Tatu. Huyu wa pili ndiye darasa zima linamwita kipanga kwa sababu ya zile A mbili. C inaanzia alama 45 tu. Kulivusha somo kutoka 38 hadi 45 mara nyingi ni kazi ndogo kuliko kulivusha lingine kutoka 68 hadi 75, na pointi unayookoa ni moja kote kuwili.

Hatua ya 2. Kila somo daftari lake, na daftari lisiazimwe wiki ya mtihani.

Hatua ya 3. Ratiba. Hisabati nusu saa kila siku, hata Jumapili. Masomo mengine manane, kila moja mara mbili kwa wiki, hivyo vipindi 16. Ukisoma vipindi vitatu vya dakika arobaini kila jioni kwa siku sita unapata 18. Viwili vinavyobaki ni vya somo linalokutesa. Basi.

Hatua ya 4. Usisome somo moja mpaka "liishe" ndipo uhamie lingine. Naomba hapa msome taratibu, kwa sababu hapa ndipo nilipoanguka mimi mwenyewe. Nikiwa kidato cha nne nilijiwekea mpango ambao kila mtu aliusifu: Februari na Machi Biolojia peke yake, Aprili na Mei Kemia, kisha Fizikia, na kuendelea. Nilikesha kweli. Mwisho wa Machi ungeniuliza figo inavyofanya kazi ningekueleza usingizini. Ukaja mtihani wa moko mwezi wa nane. Biolojia niliyoimaliza nilipata 38. Historia, ambayo zamu yake ilikuwa bado, nilipata 21. Nilikaa chini ya mwembe nyuma ya bweni nikalia mpaka kengele ya chakula cha jioni ikapita. Sikuwa mvivu, na hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimejaza ndoo yenye tundu, na kila nilipogeuka kujaza nyingine ile ya kwanza inavuja.

Tahadhari zangu ni hizi. Ukiona umekaa wiki mbili hujafungua somo fulani, simama leo ulifungue, hata kwa dakika ishirini. Usidanganywe na raha ya kusoma mada ileile siku nne mfululizo. Siku ya nne inakuwa rahisi kwa sababu ulisoma jana, haina maana utaikumbuka Novemba. Na usisubiri moko ikwambie. Jipime kila mwisho wa mwezi kwa maswali ya mada uliyosoma mwezi uliopita, usichukue ya wiki hii.

Hatua ya 5. Soma ukurasa, funga daftari, andika unachokumbuka, fungua, sahihisha kwa wino mwingine. Kusoma tena na tena huku umepigia mistari kwa kalamu ya rangi hakutoshi.

Hatua ya 6. Chunga maneno. Wengi mnadhani kikwazo ni Kiingereza peke yake. Mara nyingi wazo lenyewe halijakaa sawa hata kwa Kiswahili. Mtaani tunasema "nguvu" kwa vitu vitatu ambavyo Fizikia inavitenga: kani inayosukuma au kuvuta, nishati ya kufanya kazi, na nguvu yenyewe, yaani kazi inayofanyika kwa kila sekunde. Sokoni "uzito" wa mchele ni kilo mbili. Kwenye Fizikia kilo mbili ni tungamo, na uzito wake ni kama nyutoni 20. Joto na halijoto pia ni vitu viwili. Tenga daftari dogo la maneno ya namna hiyo: neno la Kiingereza, neno la Kiswahili, na mfano mmoja wa nyumbani.

Hatua ya 7. Acha masomo yasaidiane. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, mnivumilie.

Masomo tisa hayako kwenye maboma tisa. Chukua mstari ulionyooka wa Hisabati, y = mx + c. Fanya hivi leo: funga jiwe dogo kwenye uzi, uning'inize, liache libembee kidogo tu. Uzi wa sentimita 100, hesabu mabembeo 20 (kwenda na kurudi ni moja). Utapata kama sekunde 40. Punguza uzi uwe sentimita 64, utapata kama sekunde 32. Uzi wa sentimita 25, kama sekunde 20. Urefu umekuwa robo, muda umekuwa nusu. Sasa tafuta muda wa bembeo moja, uuzidishe kwa wenyewe, uchore grafu dhidi ya urefu kwa mita. Unapata mstari ulionyooka, na mteremko wake ni karibu na 4. Gawanya 4π² kwa mteremko huo, unapata kama 9.8, mvutano wa dunia. Ile m uliyoichukia kwa mwalimu wa Hisabati ndiyo alama zako za mtihani wa vitendo wa Fizikia.

Jiografia nayo inakupa mazoezi ya uwiano: ramani ya 1:50,000, sentimita 4 ni kilomita 2. Halijoto hupungua takriban nyuzi 0.6 kila unapopanda mita 100. Moshi mjini ni kama mita 800 juu ya usawa wa bahari, kilele cha Kilimanjaro ni mita 5,895. Piga hesabu: ni upungufu wa nyuzi 30 hivi. Moshi watu wanatafuta kivuli, juu kuna barafu, na umeshajua sababu bila kukariri.

Usanisinuru unaufundishwa kwenye Biolojia, mlinganyo wake unausawazisha kwenye Kemia. Azimio la Arusha la 1967 linakutana nawe kwenye Historia na Uraia. Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, usivisome bila ramani mezani. Tafuta vilima vya Wamatumbi, tafuta Kilwa, tafuta Rufiji. Kisha jiulize: mkulima anayelazimishwa kufanya kazi kwenye shamba la pamba msimu wa mvua, shamba lake la chakula analilima nani? Ukijibu hilo una sababu ya vita, tena hutaisahau, kwa sababu ni jambo la njaa nyumbani kwa mtu.

Hatua ya 8. Pasti pepa zianze mapema, saa mezani, bila majibu pembeni. Baraza la Mitihani pia hutoa uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, unapatikana kwenye tovuti yao. Wanaonyesha jibu zuri na jibu baya. Ni hazina, na wachache sana wanaufungua.

Hatua ya 9. Lala.

Maswali karibuni.

—

Kipanga_Mtarajiwa: Madamu naomba pdf ya notisi za masomo yote form 3 na 4.

Mwandishi: Sina. Soma hatua ya 5.

Songea_Kwetu: Shikamoo madamu. Sisi mwalimu wa Fizikia hatuna tangu mwezi wa tatu. Tuko ishirini na wawili tuliochagua sayansi. Tunafanyaje?

Mwandishi: Marahaba mwanangu. Poleni, na hongereni kwa kutoliacha. Gawaneni mada: wawili wawili mnachukua mada moja, mnaisoma wiki nzima, Jumamosi mnawafundisha wenzenu ubaoni. Anayefundisha ndiye anayejifunza zaidi, kwa hiyo zamu izunguke, asibaki yule anayejua tu. Msipoelewa jambo, liandikeni kama swali kamili, mpelekeeni mwalimu wa Hisabati. Mada za mwendo na grafu anaweza kuwasaidia. Vifaa vya maabara visiwatie hofu: uzi, jiwe, rula, ndoo ya maji na kioo vinatosha majaribio mengi. Nitumieni mada mnayokwama, nitawaandikia maelezo.

Songea_Kwetu: Asante sana madamu. Tumeanza na lile jiwe. Sentimita 100 tumepata sekunde 41.

Mwandishi: Vizuri sana! Pimeni uzi kuanzia juu mpaka katikati ya jiwe, msiishie kwenye fundo. Na mrudie mara tatu mtafute wastani.

Fundi_Maiko: Masomo 9 unayasomaje yote kwa siku?

Mwandishi: Hatua ya 3.

MzeeWaPoint7: Mimi nilisoma somo moja moja na nikapata Divisheni wani. Usiwatishe watoto.

Mwandishi: Hongera. Simtishi mtu, nimeeleza yaliyonipata mimi na ninayoyaona darasani kila mwaka. Kama kila ulipohamia somo jipya ulikuwa unarudia yale ya nyuma, basi ulifanya ninachokisema. Kama hukurudia, una kumbukumbu ambayo wanafunzi wangu wengi hawana, nami nawaandikia wao.

Asha_Kidato3: Madamu, kwa nini tunasahau? Nilisoma vizuri kabisa, kwa nini kisikae?

Mwandishi: Swali zuri, Asha. Kulikuwa na Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, kisha akawa anaangalia baada ya dakika, saa na siku kadhaa kimebaki nini. Kitabu chake kilitoka 1885. Aliona kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, halafu kasi inapungua. Na aliona kuwa kukisoma tena kitu ulichowahi kukijua kunachukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Kwa hiyo kusahau kidogo kusikukatishe tamaa. Rudia kesho, rudia baada ya siku tatu, rudia baada ya wiki. Na kumbuka yeye alitumia silabi zisizo na maana. Wewe una mambo yenye maana, yafunge kwenye mengine unayoyajua, yatashika zaidi.

Asha_Kidato3: Ndiyo maana yale ya Kilimanjaro nimeshayashika! Nimejaribu na Lushoto pia.

Mwandishi: Lushoto iko kama mita 1,400. Tanga mjini iko pwani. Ukipata tofauti ya nyuzi 8 hivi uko sawa.

Mama_Wawili: Mwalimu, binti yangu anataka kuacha Fizikia abaki na Biolojia na Kemia. Baba yake amekataa kabisa. Nisemeje?

Mwandishi: Dada, kwanza muulize anataka tahasusi gani kidato cha tano. Kama ni Kemia, Biolojia na Jiografia, Fizikia si mojawapo ya masomo ya tahasusi hiyo. Ila vyuo vina masharti yao, kwa hiyo tafuteni sifa za kozi anayoiota kabla hajaacha. Kisha muulize linamshinda wapi. Nimeshaona watoto wanaokimbia Fizikia kumbe shida ni kugeuza fomula, ambayo ni Hisabati ya kidato cha pili. Mpe mwezi mmoja wa hilo tu. Na baba yake akae nao siku moja wafanye lile jaribio la jiwe, pengine wataelewana wenyewe.

DogoJanja_TZ: Mtihani umebaki siku 10 madamu nipe njia ya mkato.

Mwandishi: Hakuna. Kwa siku 10: pasti pepa, masomo yaliyo kati ya 35 na 44 kwanza, na ulale.

Bin_Mrisho: Nyongeza kidogo kwa wasio na ubao nyumbani: sisi tulikuwa tunatumia sakafu ya saruji uani na mkaa. Ukimaliza unamwaga maji.

Mwandishi: Asante kaka. Hata mlango wa bati unafaa kwa chaki. Nani mwingine ana mbinu ya mwanga? Vijana wengi huku wananiambia taa ya sola inazima saa tatu.

Bin_Mrisho: Waamke saa kumi alfajiri badala ya kukesha. Taa ichajiwe mchana, itumike nusu jioni, nusu alfajiri. Na ile nusu saa ya Hisabati iwe hiyo ya alfajiri, kichwa kikiwa bado kimetulia.

Mwandishi: Hilo naliongeza kwenye hatua ya 3.