Kumwanzishia Mtoto Mdogo Mpira wa Magongo

Mtoto wa miaka miwili na nusu akishika mwiko na kuiona ndimu iliyoanguka sakafuni, ataisukuma mpaka iingie uvunguni mwa kochi, kisha atalala kifudifudi kuitafuta. Binti yangu alianza hivyo sebuleni kwetu Sinza, nami nikaona kwamba mpira wa magongo, ambao wengi hapa Dar es Salaam huudhania kuwa ni wa askari na wanafunzi wa sekondari peke yao, unaweza kuanzia nyumbani, mradi mzazi asikimbilie sheria kabla mtoto hajaonja raha ya kuona kitu alichokisukuma kikibingirika.

Jambo la kwanza ni gongo lenyewe. Lisimamishe sakafuni mbele ya mtoto na uhakikishe kwamba ncha yake ya juu haipiti kitovu chake, kwa sababu gongo refu humlazimisha kulishika katikati, na kila anapoinama ncha ile humchoma tumboni. La plastiki linatosha kabisa. Usipolipata, mpelekee fundi seremala, kwa mfano wale wa Keko, kipande cha mbao nyepesi pamoja na mchoro wa gongo lenye kichwa kilichopinda kama herufi J, ambalo likishikwa mbele ya mwili, kichwa kikiwa chini na ncha yake ikielekea mbele, upande wa kushoto unakuwa bapa na wa kulia unakuwa wa mviringo. Msisitizie apige msasa kingo zote. Mpini uviringishie ukanda mwembamba wa tyubu kuukuu ya baiskeli, maana viganja vya watoto hutoka jasho upesi katika joto letu, na mbao tupu huteleza.

Mpira wa mashindano usiuguse kwanza. Una uzito wa kati ya gramu 156 na 163, nao ni mgumu kama jiwe. Mimi niliutumia mapema kwa kutaka mtoto azoee kitu halisi. Ukagonga ukuta, ukarudi ukampiga kwenye muundi wa mguu, na kwa wiki mbili hakutaka hata kuliona gongo. Anza na mpira wa soksi uliofungwa vizuri. Juu ya vigae mpira wa tenisi hukimbia kuliko miguu ya mtoto, naye huchoka kuufukuza bila kuugusa, ilhali ule wa soksi husimama baada ya hatua chache na kumsubiri. Wa tenisi utafaa baadaye, mtakapotoka nje.

Huko nje, mchanga mkavu na mlaini wa uani huumeza mpira, kwa hiyo fagia sehemu iliyoshindiliwa, uokote vipande vya chupa na mawe, umvalishe mtoto viatu vya kufunika vidole wala si kandambili. Ufuo wa Coco Beach wakati wa maji kupwa una mchanga uliolowa na kukaza, na mtoto akianguka haumii. Nendeni kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, mkiwa na chupa ya maji. Dakika 10 zinatosha. Mwachishe angali anataka kuendelea, naye kesho atalitafuta gongo mwenyewe.

Katika kushika, mkono wa kushoto hukaa juu kabisa mwa mpini na wa kulia chini yake, hata kwa mtoto anayetumia zaidi mkono wa kushoto, kwa kuwa sheria huruhusu kuchezea upande bapa tu na magongo yote hutengenezwa kwa namna hiyo moja. Usimkaripie akikosea. Funga utepe mwekundu pale panapokaa mkono wa kulia, umwambie kuwa hapo ndipo nyumbani kwa mkono huo. Wiki kadhaa zitapita kabla hajazoea, na hakuna hasara yoyote.

Tatizo kubwa zaidi katika mji huu ni miguu. Watoto wetu wanaona chandimu kila kona, hivyo mpira ukifika mtoto atautia teke, jambo ambalo katika magongo ni kosa. Nilichokiona kikifaa ni kumwambia kwamba mpira umelala na tunauamsha kwa gongo peke yake, kisha ninaurudisha taratibu kila anapoupiga teke, bila kelele. Weka kandambili mbili umbali wa hatua moja ziwe goli, keti nyuma yake, umwombe akuletee mpira akiusukuma, gongo likiwa limegusana nao muda wote. Akishaweza, weka ndoo katikati ili auzungushe mpira. Mfundishe pia kuuzuia: wewe unausukuma polepole, yeye analaza gongo chini kuusubiri. Wazazi wengi huruka zoezi hili na kutamani mabao, ilhali mimi naliona kuwa ndilo linalompa mtoto utulivu kuliko yote.

Kuhusu usalama sina mzaha hata kidogo. Gongo halipandi juu ya goti, na likipanda mchezo unasimama mara moja, kila siku, bila kubembelezana. Wakicheza wawili, watenganishe kwa hatua zako tatu, kwani mtoto akizungusha gongo hatazami aliye nyuma yake.

Muulize pia babu yake, kwa sababu mchezo huu una wenyewe hapa nchini: timu ya wanaume ya Tanzania ilicheza Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, ikakutana na India waliotwaa dhahabu na kufungwa mabao 18 kwa 0, na wazee wa umri ule wapo ambao bado wanaujua. Baba yangu alipomwona mjukuu wake na gongo lake la Keko, alichuchumaa uani, akamsogezea mkono wa kulia kwenye utepe mwekundu, akamwambia, "Inama, mama, mpira uko chini."