Waridi la Jangwani Halitaki Maji Mwezi wa Saba

Baridi ikishaingia Nairobi, swali ninaloletewa na wenye vitalu na wapenda maua ni lile lile. Waridi la jangwani limepukutisha majani, linamwagiliwa kila asubuhi, na bado linazidi kulegea. Linalegea kwa sababu linaoza, na kinacholiozesha ni hayo maji ya kila asubuhi.

Mmea huu, Adenium obesum, ni wa kwetu. Hujiotea kwenye nyika kavu, penye miamba na changarawe, na lile shina lake lililovimba ni ghala la maji ya kuvukia kiangazi. Nairobi nayo iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti, joto la usiku hushuka hadi nyuzi 12 na pengine chini zaidi, na mchana mawingu hutanda hadi alasiri. Mmea hulala. Mizizi hufyonza maji kidogo mno, majani huanguka ili akiba isipotee. Kwa hiyo majani yakianguka Julai, hiyo si kiu. Ukimwaga maji yatakaa siku nyingi kwenye udongo baridi, mizizi itakosa hewa, kuvu wataingia na kupanda hadi kwenye shina. Mmea uliolelewa miaka mingi, ambao ungeuzwa maelfu ya shilingi, unaweza kwisha kwa wiki chache.

Vipimo hivi ni vya chungu chenye upana wa sentimita 25. Januari na Februari, mwagilia kila baada ya siku 7, lita 1 hadi 1.5, polepole mpaka maji yatoke matunduni. Kuanzia katikati ya Mei, sogeza hadi siku 14. Juni hadi katikati ya Septemba, mmea usio na majani usipewe hata tone. Wenye majani upewe mililita 250, yaani kikombe kimoja cha chai, kila baada ya siku 21, tena saa tatu asubuhi siku yenye jua. Nimesema kikombe. Nimewahi kueleza haya kitaluni na kabla sijafika langoni nikasikia mpira wa maji umefunguliwa juu ya meza nzima. Rudisha maji pale tu machipukizi mapya yanapoonekana kwenye ncha za matawi: kikombe kimoja wiki ya kwanza, nusu lita wiki ya pili, kisha ratiba ya kawaida.

Na mvua ni maji vilevile. Chungu kilichonyeshewa Aprili nzima kikaingia Juni kikiwa kimelowa kitaoza hata kama hukukigusa. Kisahani cha chini ya chungu nacho kiondoe kabisa.

Udongo mweusi wa mfinyanzi kama ule wa Embakasi usiutumie. Changanya ndoo 2 za mchanga wa mto wenye chembe kubwa, ndoo 1 ya kokoto ndogo za milimita 5, na ndoo 1 ya samadi iliyooza sawasawa na kuchekechwa. Chungu kiwe na matundu 4, kila moja sentimita 1.5. Msipange mawe chini ya chungu mkidhani mnasaidia maji kutoka. Tabaka lile hufanya udongo ulio juu yake ubaki umelowa. Kuhamisha chungu ni Februari au mwanzo wa Oktoba, si wakati wa baridi.

Ukiwa na shaka, bonyeza shina kwa kidole gumba, karibu na udongo. Lenye kiu hunywea pande zote, ngozi ikafanya mikunjo, lakini halina doa. Linalooza huwa teketeke upande mmoja, rangi ya kahawia iliyokolea, na linanuka. Hapo ng'oa siku hiyo hiyo. Futa kisu kwa spiriti, kata mpaka ubaki na nyama nyeupe safi, ukifuta kisu kila unapokata. Anika kivulini siku 10, panda kwenye udongo mkavu, uuache siku 7 nyingine bila maji. Vaa glavu: utomvu wake ni sumu ya moyo, ndio ambao wawindaji walipaka mishale. Mabaki yasifikiwe na watoto wala mbuzi.

Lipate jua kwa muda wa saa 6 kila siku, na maua utayaona joto likirudi.

Wenye vitalu, yatengeni mawaridi haya kwenye meza yake chini ya paa linalopitisha mwanga kabla ya tarehe 15 Mei, na anayeshika mpira aambiwe meza hiyo haimhusu hadi Septemba.