Basi la mwendokasi la maboksi ya juisi: namna ya kulitengeneza na mtoto, likatembea kweli

Shule zikifungwa, Juni na Desemba, wazazi wa watoto ninaowafundisha kazi za mikono huniuliza swali lile lile: mtoto ameshinda kwenye simu tangu asubuhi, nimpe kazi gani isiyonigharimu hela? Siku hizi jibu langu ni moja: tengenezeni basi la mwendokasi, lile refu la Dar es Salaam lenye mikunjo katikati. Vitu vyote vimo ndani, na vingi vingeishia kwenye ndoo ya taka.

Kwangu midoli haina mjadala, lazima itembee. Gari lililopakwa rangi nzuri lakini haliendi, mtoto atalitupa uvunguni kabla ya magharibi. Gari linalokwenda atalala nalo, hata likiwa na madoa ya gundi. Kwa hiyo nguvu zenu zielekezeni kwenye matairi na ekseli, yaani vijiti vinavyobeba matairi, mapambo yatakuja.

Vya kuandaa

Maboksi mawili ya juisi ya lita moja, yawe ya aina moja. Ndala iliyokatika mkanda. Peni tatu za Bic zilizoisha wino, zile za pande sita. Vijiti vitatu vya mishikaki, shanga sita zenye tundu pana, vifungo viwili vya shati, uzi mgumu wa kushonea viatu, kipande cha kartoni nene, masking tepu, kipande cha mshumaa, karatasi za bluu na nyeupe, na vijiko vitatu vya unga wa ngano. Zana ni mkasi, wembe mpya, msumari wa inchi mbili na kipande cha msasa.

Supa gluu siitumii kazini na watoto. Inagandisha vidole, ikiingia jichoni ni safari ya hospitali, na kazi hii haiihitaji.

Wembe na msumari ni vya mtu mzima. Mtoto wa miaka sita kwenda juu ataweza mengine yote. Kama ndani kuna mdogo wa chini ya miaka mitatu, shanga na vifungo viwekeni mbali naye, maana atavimeza.

Hatua ya 1: Maboksi

Suuza, anika. Kwa mkasi, ondoa upande wote wenye kifuniko, ubaki na maboksi mawili yenye mdomo mmoja wazi. Yalaze kwa upande mpana, midomo ikitazamana. La mbele ni la dereva, la nyuma ni mkia.

Hatua ya 2: Matairi

Wengi hutumia vifuniko vya chupa za maji. Mimi navikwepa. Kifuniko ni chepesi, kinateleza kwenye vigae, na tundu lake likishapanuka kidogo halirudi. Sponji ya ndala inakibana kijiti yenyewe bila gundi, na inashika sakafu.

Kifuniko cha chupa kitumie kuchorea tu. Kiweke juu ya ndala, zungusha kalamu, chora duara sita. Chovya wembe kwenye maji ya sabuni kabla ya kila mkato, utapita bila kung'ang'ania. Usikate duara kwa mkupuo mmoja. Kata kwanza pembe nne, kisha nane, kisha punguza nundu.

Tundu la katikati usilikisie kwa macho. Mwambie mtoto akate duara la karatasi la ukubwa ule ule, alikunje mara mbili, alifungue. Mistari inapokatana ndipo katikati. Weka karatasi juu ya tairi, tia alama kwa ncha ya msumari, kisha geuza tairi utie alama upande wa pili. Toboa nusu kutoka huku na nusu kutoka kule, mpaka matundu yakutane. Ukitoboa kwa upande mmoja hadi mwisho, msumari hupinda ndani ya sponji, na tairi litayumba kila likizunguka.

Kisha chomeka kijiti kwenye tairi, lishike kijiti kwa mikono miwili, na mtoto auzungushe ubavu wa tairi juu ya msasa au sakafu ya saruji yenye mikwaruzo. Baada ya muda mfupi nundu zote zinaisha na tairi linakuwa duara kamili. Hii kazi watoto wanaipenda kuliko zote, msiwanyang'anye.

Hatua ya 3: Ekseli

Hapa ndipo mabasi mengi yanapofia. Nimeletewa magari ya kila aina yenye malalamiko yale yale: linakwenda upande, linakwama, linaburuzwa tu. Karibu kila mara kosa liko kwenye ekseli, na karibu kila mara fundi ametoboa boksi ubavuni na kupitisha kijiti. Msitoboe boksi. Matundu manne ya mkono hayalingani, na kadiri gari linavyotumika ndivyo karatasi inavyochanika.

Badala yake, kijiti kizunguke ndani ya bomba la peni. Mrija wa plastiki unafaa kwa shida, kwa sababu ukiubana na tepu unabonyea na kijiti kinakwama. Ile mirija inayobandikwa kwenye juisi ndogo ni myembamba, na ya karatasi hulegea ikipata unyevu. Peni ya pande sita haibonyei, na kwa kuwa ina ubapa, inakaa chini ya boksi bila kubiringika.

Toa wino na kizibo cha nyuma. Mkasi utaipasua peni, kwa hiyo ichore kwa wembe kuizunguka mpaka mfereji uwe na kina, kisha ivunje kwa mikono, ukiwa umeifunga kitambaa. Kata vipande vitatu vyenye urefu sawa na upana wa boksi au pungufu kidogo. Sugua ncha zake kwa msasa.

Chagua vijiti vilivyonyooka. Viviringishe mezani, kinachoruka-ruka rudisha jikoni. Vilainishe kwa msasa, halafu visugue kwa mshumaa. Nta inateleza vizuri. Mafuta ya kula yananasa vumbi, na kesho yake ekseli imeziba.

Sasa alaimenti, yaani kuzinyoosha ekseli zielekee sawa. Geuza boksi la mbele chali. Chukua daftari, linganisha ukingo wake mmoja na ubavu wa boksi, na uchore mstari wa kukatisha kwa ukingo wa pili. Kona ya daftari imenyooka kuliko jicho la mtu yeyote. Mstari wa kwanza uwe vidole vitatu kutoka usoni mwa basi, wa pili vidole vitatu kutoka mdomoni. Boksi la nyuma lina ekseli moja tu, nyuma kidogo ya katikati, kama lilivyo basi lenyewe la kuungwa: ekseli mbili mbele ya mikunjo, moja nyuma yake.

Laza kila bomba juu ya mstari wake. Pima umbali kati ya bomba na bomba upande wa kulia, kisha wa kushoto. Vipimo vikipishana hata kwa unene wa kiberiti, basi litakwenda mtaroni. Vikilingana, funga tepu, lakini usibandike kipande kifupi chini tu. Kwa joto na unyevu wa Dar, hasa wakati wa masika, tepu hiyo itaachia. Izungushe boksi zima mara mbili. Ubaya wake utafichwa na karatasi.

Mpangilio ni tairi, shanga, bomba, shanga, tairi. Shanga inazuia tairi lisisugue boksi. Acha nafasi ndogo, ekseli iweze kucheza kushoto na kulia kwa unene wa kucha. Ukibana sana haizunguki. Mwisho kata ncha za vijiti na uzipige msasa zisichome.

Jaribu kabla ya kuendelea. Weka boksi la mbele kwenye mstari wa vigae na ulisukume kidogo. Likifuata mstari kwa vigae vitatu, umefaulu. Likikata kona, usihangaike na matairi, rudi upime mabomba.

Hatua ya 4: Maungio

Kata ulimi wa kartoni, upana vidole viwili, urefu kiasi cha kiganja. Nusu yake ibandike kwa tepu kwenye sakafu ya boksi la nyuma, nusu itokeze mbele na kuingia kwenye boksi la mbele. Kati ya maboksi acha nafasi ya vidole viwili, bila hivyo pembe zitagongana kwenye kona. Toboa ulimi na sakafu ya boksi la mbele kwa pamoja, karibu kabisa na mdomo. Pitisha uzi: kifungo juu, ulimi, sakafu, kifungo chini, kisha funga fundo. Lisikaze, ulimi uweze kugeuka.

Mikunjo ni karatasi nyeupe iliyokunjwa huku na huku kama kinanda cha kuvuta, ikabandikwa juu na ubavuni, lakini ibandikeni mwisho kabisa, baada ya uzito wa Hatua ya 6. Iwe ndefu mara mbili ya nafasi yenyewe, chini iachwe wazi.

Hatua ya 5: Kulivisha

Gundi tunaipika wenyewe. Koroga unga kwenye nusu kikombe cha maji ya baridi mpaka madonge yaishe, ndipo uweke jikoni. Ukianza na maji ya moto utapata madonge. Ikiwa nzito na kung'aa, ipua. Pika ya siku hiyo tu, kwa joto letu inachacha.

Boksi la juisi lina ngozi ya plastiki nje, na gundi ya uji haishiki plastiki. Zungushia karatasi ya bluu boksi zima mpaka ncha zake zipandane, gundi ipakwe pale karatasi inapokutana na karatasi. Madirisha na kibao cha njia, KIMARA – KIVUKONI, mwachie mtoto. Niliwahi kumchorea mtoto wa jirani milango upande wa kushoto, kama daladala. Akaisukuma karatasi kando: "Anti, mwendokasi tunapandia kulia, kituo kiko katikati ya barabara." Akachora mwenyewe, mitatu, na abiria aliyebanwa mlangoni.

Hatua ya 6: Uzito

Basi tupu ni jepesi mno, kwenye vigae linateleza bila matairi kuzunguka. Kabla hujabandika mikunjo, funga vijiko viwili vya mchanga kwenye kitambaa, ukibane ndani ya boksi la nyuma juu ya ekseli. Kifuko kingine cha hivyo kiende boksi la mbele, juu ya ekseli ya pili. Kamba ya kuvutia ifunge chini ya uso wa basi, karibu na ekseli, maana ikifungwa juu basi linainua mkia.

Wembe ukiwa bado mkononi, kata matairi mawili ya akiba kutoka kwenye ndala hiyo hiyo. Lami ya mtaani inayala upesi kuliko sakafu ya ndani.