Kugawanya kasiksi ya litiri 60 mu mabidoni 4

Bandugu, siku umekamua ndizi mingi ya kasiksi (pombe ya ndizi) na maji yake imefika litiri 60, usiache yote mu pipa moja. Ikiharibika, imeenda yote, na kazi ya kukamua ndizi na majani unaijua. Mimi hapa Bukavu nagawanyaka mu mabidoni 4 ya manjano ya litiri 20, kila moja naweka litiri 15 tu, fasi ya juu inabakia ju ya povu.

Mabidoni kwanza. Ile yenye ilibebaka esansi ao mazutu, hapana kabisa, harufu haitokake hata uioshe na nini. Zingine osha na maji ya moto, tikisa na mchanga kidogo ndani, suuza mpaka maji itoke safi.

Sasa fasi yenye batu wanakosea: wanatia mutama ya kuchachisha mu pipa, kisha njo wanagawanya. Mutama inaelea juu, makapi inashuka chini, ukichota bidoni ya kwanza inakula mutama karibu yote na ya mwisho inabakia na tope. Ilinifikia. Bidoni ya kwanza ilimwanga povu mu simenti usiku muzima, ya 4 siku ya tatu ilikuwa ingali tamu kama juisi, na wageni walikuwa wameisha kufika, iliniuma sana.

Kwa hiyo gawanya maji peke yake. Chuja, koroga mpaka chini na mwiko murefu, chukua kibidoni ya mafuta ya kula ya litiri 5 uikate juu, ile njo kipimo. Kila bidoni kipimo 1, unazunguka zote 4, unakoroga tena, unazunguka tena, mara tatu. Usijaze moja mpaka mwisho ndio uende kwa ingine, ju maji ya juu na ya chini haiko sawa. Kichwa ya chupa ya plastiki yenye umekata inakusaidia kumimina.

Kisha njo mutama yenye umekaanga na kusaga: kopo 1 ya maziwa ya Guigoz kwa kila bidoni, upime na kopo ileile. Ukitaka kujaribu mutama ya muuzaji mwingine, tia mu bidoni moja tu na uandike juu na markeri.

Mufuniko usikaze! Gazi inatoka, bidoni inavimba kama tumbo, inaweza kupasuka. Usiku ya huku iko na baridi, funika na bulangeti, lakini mbali na mbabula.

Asubuhi weka sikio karibu na mudomo ya bidoni, utasikia inachemka polepole. Kama moja imenyamaza, twaa nusu litiri ya ile yenye kuchemka vizuri umwange ndani, ila nusa kwanza, kama inanuka siki usiisambaze kwa zingine.

Siku ya pili ao ya tatu onja kila moja na kikombe yake. Zenye zimeiva chuja, ile yenye imechelewa usiichanganye, iachie siku ingine moja.