Picha ikivutika kwenye tivii, tazama gurudumu
Juzi kwa shangazi, Nkuhungu, tuliweka filamu ya zamani kwa flashi. Watu wote wamenenepa, gurudumu la baiskeli limekuwa kama yai. Tivii si mbovu jamani, msikimbilie kwa fundi! Filamu ile ina umbo la 4:3 (upana 4 kwa kimo 3), tivii za sasa ni 16:9, yaani pana zaidi, hivyo inavutwa ijae kioo. Kwenye rimoti tafuta ukubwa wa picha, badilisha mpaka gurudumu liwe duara. Kama ni king'amuzi, kagua na mipangilio yake. Weusi utakaobaki pembeni uacheni. Ukikuza picha kuuondoa, unakata vichwa juu na maandishi ya tafsiri chini, na shangazi hasikii vizuri, anayategemea hayo.