Oili ya pikipiki inaongezeka usiku: tafuta petroli inapopitia

Msimu wa karafuu uliopita mzee mmoja wa upande wa Konde, kaskazini mwa Pemba, aliniletea Honda CG125 yake, ya zamani, iliyobeba magunia miaka na miaka. "Fundi, mie oili yangu haipungui, yaongezeka." Nikachomoa kijiti cha kupimia, nikanusa: petroli tupu. Alikuwa ameshamwagiwa oili mara mbili kwengine na kuambiwa imepona. Kabureta hakuna aliyeigusa.

Tangi liko juu, injini iko chini, na petroli hushuka kwa uzito wake. Njiani ina milango miwili: koki ya tangi, na sindano iliyo ndani ya kabureta, ile inayosukumwa na floti, yaani boya dogo linaloelea juu ya petroli. Ukilala umeacha koki wazi, sindano ikishindwa inatosha kuleta balaa. Petroli inajaa kabureta, inaingia kwenye silinda ikiwa valvu ya kuingizia imesimama wazi, halafu inapenya kwenye ringi za pistoni mpaka kwenye oili. Ndiyo maana asubuhi moja huoni kitu na ya pili oili imepanda.

Kwanza, usipige kiki. Kama kiki ni nzito kuliko kawaida, silinda huenda imejaa petroli, na ukilazimisha unaweza kupinda koni rodi, mkono unaoshika pistoni. Toa plagi, weka waya wake mbali, kisha sukuma kiki kwa mkono polepole. Petroli itaruka nje kwenye tundu la plagi, kwa hiyo sigara na jiko la mkaa viwe mbali.

Pima oili. Simamisha pikipiki wima kwa stendi kubwa, mahala sawa. Huku kwetu kwenye vilima watu hupima imeegemea stendi ya ubavuni, na kipimo kinadanganya. Kwenye Honda za aina hii kijiti hakikazwi wakati wa kupima: kifute, kikalishe tu kwenye tundu, kitoe. Oili ikiwa juu ya alama ya juu na inateleza vidoleni kama maji, umeshapata jawabu. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, hayo ni maji, tatizo jengine. Nimeona vijana wakiijaribu kwa kibiriti. Nawaomba waache, pua inatosha.

Jua inapanda lini. Hii naithamini kuliko zote. Pima jioni injini ikishapoa, pima tena alfajiri kabla ya kuiwasha. Ikipanda wakati imelala, kosa liko kwenye koki na sindano. Ikiwa usiku haipandi, inapanda baada ya safari tu, tazama choki iliyokwama, plagi inayokosa moto, au ringi zilizokwisha.

Koki. Chomoa mpira upande wa kabureta, uingize kwenye chupa kavu ya maji, funga koki, acha usiku kucha. Asubuhi chupa iwe kavu kabisa. Tone moja tu, koki haizibi. Badilisha raba zake au koki nzima. Pikipiki zenye koki ya kufunguliwa na mvuto wa injini zina mpira wa pili mwembamba unaokwenda kwenye njia ya hewa. Uchomoe uutazame: ukikuta petroli ndani, kiwambo kimepasuka, na petroli inakwenda injini moja kwa moja bila kupita kwenye sindano.

Sindano na floti. Unganisha mpira mweupe unaoonyesha ndani kwenye tundu la kumwagia la chini ya bakuli la kabureta, uupandishe wima ubavuni mwake, fungua bisi ya kumwagia, kisha fungua koki. Petroli itapanda kwenye mpira na inapaswa kusimama chini kidogo ya ukingo wa bakuli. Ikiendelea kupanda, sindano haizibi.

Fungua bakuli. Ile CG ya mzee niliitoa sindano nikaigeuza juani: nchani palikuwa na mfereji mwembamba kama kovu la uzi, umezunguka pote. Sindano kama ile haisafishwi, inabadilishwa. Kikalio chake, tundu ambalo ncha yake huliziba, nilikisugua kwa pamba tu. Msasa usiupeleke pale, utakiharibu. Tikisa floti sikioni. Ikilia petroli ndani, imetoboka.

Halafu tazama kijibomba cha kumwagia ziada ndani ya bakuli. Kazi yake ni kuitoa petroli nje chini kabla haijafika injini. Cha mzee kilikuwa kimezibwa na udongo wa nyigu, umekauka kama saruji. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakuwahi kuona tone chini ya pikipiki. Wengi husema "mbona haivuji?" na kumbe inavujia ndani.

Kutu ya tangi huharibu sindano mpya kwa wiki chache. Hewa yetu ya bahari haiachi tangi salama, na petroli ya chupa za barabarani huja na taka zake. Safisha tangi, weka filta ndogo kwenye mpira.

Oili ni ya mwisho. Ukishaziba, mwaga yote ingali vuguvugu na uipime kwenye chupa: CG hutiwa mililita 900, na ile ya mzee ilitoa lita moja na robo. Tia mpya iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi za pikipiki, kwa sababu klachi inaogelea humo humo. Endesha siku chache, mwaga tena. Ile chafu usiimwage shambani wala karibu na kisima. Maji tunayokunywa Pemba na Unguja yanatoka ardhini.

Wenye Vespa za zamani, oili ya giaboksi yenu iko peke yake na petroli huingia kwa sili ya kranki, hayo si ya leo.

Mzee nilimwambia apime alfajiri tatu mfululizo. Ya tatu alinipigia simu: alama ileile.